Komunike Niliyoisoma Nusu

Watoto wangu mnaosoma komunike, matangazo ya watu, kwenye radio siku hizi, kabla sijawaambia habari ya Amisi, acha kwanza niwaambie ya mbuzi. Nikianza na Amisi mtadhani kazi yangu yote ilikuwa machozi, na haikuwa hivyo.

Familia moja ya mtaa wa Kasuku, hapa Kindu, ilikuwa inamwoza kijana wao. Walileta komunike yao kwenye radio, imeandikwa vizuri kwa kalamu ya buluu. Siku hiyohiyo baba mmoja wa mtaa wa Mikelenge alileta ya kwake: mbuzi wake amepotea. Karatasi zote mbili nikaziweka mezani. Mimi nilikuwa nimetoka kula samaki wa mawese, na kunawa kwangu kulikuwa kwa haraka. Zikagandana. Nikafungua mikro, nikasoma kwa sauti yangu nzuri: "Familia inaalika ndugu, marafiki na majirani kwa ndoa ya kijana wao mpendwa, mwenye rangi nyeusi, pembe moja imevunjika, kamba bado iko shingoni. Atakayemuona amrudishe kwao."

Shangazi wa bwana arusi alifika kabla sijamaliza kusoma zilizobaki. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Weye njo ulisema mutoto yetu iko na pembe?"

Nilipiga magoti. Alinitukana mpaka pumzi ikamwishia, kisha akajisikia mwenyewe anachokisema, akaanza kucheka, akashindwa kusimama. Harusini nilialikwa, nikakaa meza ya mbele. Yule bwana arusi leo ana wajukuu, na wenzake bado wanamwita Pembe Moja.

Basi andikeni hilo la kwanza: nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika karatasi ya mtu.

Mji wenye chuo hauna siku tupu, mnalijua hilo. Leo mwanafunzi anatetea kazi yake ya mwisho, ndugu zake wanatoka Pangi na Kailo kuja kummwagia poda kichwani kwa furaha. Kesho kuna mpira, kitivo hiki na kile. Kadi ya mwanafunzi imepotea, chumba kinapangishwa, kanisa lina kongamano, msikiti una maulidi, mtaa unafanya usafi, na matanga hayakosi. Nyinyi sasa komunike zinawafikia kwenye simu, tena katika makundi matatu kwa mara moja, na kabla hamjafungua mikro mji mzima umekwisha kusoma. Mnaniambia kazi imekuwa nyepesi. Mimi naona imekuwa ngumu, maana uongo nao una simu.

Kazi hii nilifundishwa na Papa Mutombo. Alikuwa mtu wa Kasai, aliletwa Kindu na reli, na kwa miaka mingi njo yeye aliyetangaza treni pale gare, kwenye stesheni. Vita ilipokata reli akabaki na sauti bila treni, akaja kwenye radio yetu ndogo. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi asiye na darasa. Alinisikiliza nikisoma ukurasa mmoja, akatikisa kichwa.

"Mama Aziza, unasoma kama muntu anakimbia mvua. Muntu akisikia jina la ndugu yake, moyo yake inasimama. Umungoje. Soma jina, ngoja, soma tena."

Alinikataza kunywa maji ya baridi kabla ya kusoma. Alinikataza pia kutia sauti ya kilio kwenye habari ya kifo. "Kilio ni cha wenyewe," alisema. "Weye peleka habari tu, na uipeleke nzima." Nzima, kwake, ilikuwa jina, baba, kwao, na mahali watu wanapokutana. Bila hayo manne hakukubali karatasi, hata iwe ya mkubwa wa mji.

Sasa niwaambie siku ambayo Papa Mutombo hakuwepo.

Ilikuwa katikati ya vita. Mji ulikuwa umefungwa pande zote. Chumvi ilikuja juu ya velo, baiskeli ambazo watu walizisukuma porini siku nyingi. Chuo kilikuwa kimefunga milango, walimu wanalima mihogo, na wanafunzi waliotoka mbali walikwama hapa bila njia ya kurudi kwao. Mazutu, mafuta ya gurupu letu la umeme, ilikuwa ya kupimwa kwa kikombe: dakika chache asubuhi, dakika chache jioni, basi. Na karatasi nyeupe hazikuwepo. Watu waliandika komunike nyuma ya masomo yao ya zamani. Upande mmoja unakuta mama anatafuta watoto wake waliopotea njiani, upande wa pili unakuta kemia. Kwa hiyo nikazoea: nasoma upande mmoja, wa pili siutazami.

Asubuhi ile Papa Mutombo alikuwa nyumbani na homa. Kijana mmoja wa chuo alikuja mbio, akanipa karatasi, akasema ana haraka ya kuvuka mto, akaondoka. Gurupu lilikuwa limekwisha kuwaka. Nikasoma: "Amisi Ramazani, mwanafunzi wa mwaka wa pili, amefariki leo alfajiri hospitalini kwa homa. Maziko yatafanyika leo alasiri." Nilisoma jina, nikangoja, nikasoma tena, kama nilivyofundishwa. Jina la baba halikuwepo. Kwao hapakuwepo. Mahali pa matanga hapakuwepo. Niliona, na nilisema moyoni, watu wake wanajijua. Nikatundika karatasi kwenye msumari, nikazima gurupu.

Saa mbili hazikupita. Kijana mrefu aliingia studio bila kubisha. Mikono yake ilikuwa bado na povu la sabuni.

"Mama, mi njo Amisi Ramazani."

"Amisi gani?"

"Ule uliyemuua asubuhi."

Nilikaa chini. Akanieleza. Alikuwa uani kwake Mikelenge anafua shati, akaona wanafunzi wenzake wanaingia wakilia, kama ishirini hivi. Msichana mmoja alimpiga kofi kwa hasira, kisha akamkumbatia. Wote wakacheka, wakasema radio imechanganyikiwa, wakarudi makwao. Amisi naye alicheka pamoja nao, mpaka akamkumbuka mama yake.

"Mama yangu iko kijiji nyuma ya Kailo," aliniambia. "Kila asubuhi anasikilizaga radio yenu kwa jirani. Baba alikufa zamani. Hana mutoto mwingine. Fungua mikro."

"Mazutu imebaki ya jioni tu."

"Basi washa ya jioni sasa."

Nikawasha. Nikamkalisha kwenye kiti changu, jambo ambalo lilikuwa limekatazwa kabisa. Alishika mikro kwa mikono miwili. "Mama, ni mimi. Niko muzima. Usitoke. Njia ni mbaya. Usitoke, mama." Alirudia hayohayo mpaka gurupu likakohoa, likazima. Nikamshika bega, nikamwambia tumerekebisha. Nililala nikiamini hivyo.

Kesho yake msukuma velo mmoja alifika kutoka Kailo, akamtafuta Amisi. Jirani alikuwa amemtuma. Mama Fatuma, ndivyo alivyoitwa mama yake Amisi, alitoka palepale aliposikia komunike, hata kabla watu hawajamaliza kumpa pole. Alifunga kikwembe cha manjano, akabeba mzigo wa mchele mgongoni, akashika njia ya Kindu. Maneno ya mwanawe yalipotoka kwenye radio, yeye alikuwa amekwisha kuingia porini, na huyo msukuma velo hakumuona njiani.

Amisi alitaka kumfuata saa ileile. Nilimzuia kwa nguvu zangu zote. Siku zile kijana akionekana njiani alikamatwa abebe mizigo ya wenye silaha, na wengi hawakurudi. Nikamvuta mpaka kwa Papa Mutombo, aliyekuwa amelala kwenye mkeka, anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Nikamweleza yote. Hakunigombeza. 

"Mama hana radio," akasema. "Lakini njia iko na watu, na watu wako na radio. Sema na njia."

Akanitajia maneno, nami nikaandika kiganjani kwa kalamu, maana karatasi sikuwa nayo. Jioni ile nikasoma: "Nyinyi wote mlio kwenye njia ya Kailo, mnaosukuma velo, mnaolima kando ya njia, mnaouza ndizi kwenye bariere zilizofunga njia, na nyinyi wenye silaha pia. Kuna mama anatembea kuja Kindu. Anaitwa Fatuma. Amevaa kikwembe cha manjano, amebeba mchele, na analia. Mtakaomuona, mwambieni mwanawe Amisi ni mzima, anamngoja Mikelenge." Pale kwenye wenye silaha niliogopa, na Papa Mutombo alikuwa amejua nitaogopa. Aliniambia, "Usiwaruke. Nao walizaliwa na mama."

Nilisoma jioni ile, nikasoma asubuhi, nikasoma jioni tena. Kila nikimaliza nilikwenda Mikelenge kukaa na Amisi. Nilimsaidia kuchambua sombe, majani ya mihogo, naye hakuweza kula.

Siku ya nne tangu komunike ile ya kifo, mchana, tulisikia kilio kinakuja kutoka barabarani. Ni kile kilio cha mtu anayeingia matangani, kinachoanza mbali ili wenyeji wajue. Amisi aliangusha kikapu. Mama Fatuma aliingia uani, miguu imevimba, kikwembe kimekuwa rangi ya matope. Akamuona mwanawe amesimama. Hakuacha kulia. Alimshika masikio yote mawili, akamtazama, akamwachia, akamshika tena. Ndipo akakaa pale chini na mzigo wake mgongoni.

Alipokwisha kunywa maji alituambia aliyoyaona. Mwanamke mmoja aliyekuwa anamenya mihogo kando ya njia alimkimbilia, akamwambia mwanao ni mzima. Hakuamini. Alidhani anadanganywa ili ale kidogo. Mbele zaidi, kwenye bariere, mwenye silaha mmoja alisimama na kuondoa mti njiani ili apite.

"Akaniambia, mama, mutoto yako iko muzima, radio imesema. Mimi nikasema moyoni: radio njo ilisema amekufa."

Kisha akauliza, "Nani alisoma?"

"Ni mimi, mama," nikajibu. Nilingoja kofi. Ningelipokea kwa shukrani.

"Sauti yako ni nzuri," akasema. "Njo maana niliamini."

Watoto wangu, nimepata sifa nyingi kazini. Hiyo peke yake ndiyo ninayoisikia hadi leo, na inaniuma kila mara.

Tulidhani yamekwisha. Amisi alikuwa anamkanda mama yake miguu kwa maji ya moto. Mara mama akainua kichwa.

"Sasa ule aliyekufa ni nani?"

"Hakuna, mama," Amisi akamjibu. "Ilikuwa kosa tu."

"Kosa namna gani? Muntu anaweza kwenda kwa radio kusema muntu amekufa, na maiti haiko? Iko mama fulani analia mahali, weye unasema kosa."

Siku tatu nilikuwa nimemtangaza aliye hai asubuhi na jioni, na sikuwa nimeuliza hata mara moja ni nani aliyekufa. Niliondoka mbio hadi studio. Karatasi ilikuwa bado kwenye msumari. Nikaigeuza. Chini ya somo la udongo na mbolea, katika nafasi iliyobaki, kwa herufi ndogo za kubana, palikuwa na komunike iliyobaki:

"Ni mwana wa Mzee Ramazani, mkimbizi kutoka Kabambare. Matanga yako Alunguli, nyuma ya soko. Marehemu hana ndugu wengine hapa Kindu. Tunaomba wanafunzi wenzake wasimwache baba yake peke yake."

Walikuwa Amisi Ramazani wawili chuoni. Yule wa Mikelenge alijulikana na watu wengi. Wa pili alikuwa mkimya, anaishi Alunguli, ng'ambo ya mto, na baba yake. Watu walipomkuta wa kwanza mzima, walifurahi, wakarudi nyumbani, na wa pili akazikwa na watu wanaohesabika kwa vidole.

Nilirudi Mikelenge na ile karatasi. Niliisoma kwa sauti, mbele yao wawili, na sauti yangu wakati huo haikuwa nzuri. Mama Fatuma alisikiliza mpaka mwisho. Akatoa miguu kwenye beseni.

"Tuvuke."

"Mama, miguu yako," Amisi akasema.

"Mchele hii nilibeba kwa matanga ya Amisi Ramazani. Kumbe matanga ya Amisi Ramazani iko ng'ambo. Tuvuke."

Tulivuka kwa mtumbwi, jua likiwa bado juu. Amisi alibeba mchele, mimi nilimshika mama mkono. Uani kule nyuma ya soko tulimkuta mzee amekaa kwenye kigoda, pembeni yake yule kijana aliyeniletea karatasi, na majirani wawili. Hawakuzidi hapo. Kijana aliniangalia, akageuza uso. Baadaye aliniambia kwamba siku zote tatu mzee alikuwa na swali moja tu: "Mwanangu aliwakosea nini watu wa mji huu?"

Mama Fatuma hakungoja kuulizwa. Aliingia katikati ya ua, akaachia kilio. Kilio alichokibeba kutoka nyuma ya Kailo, kupita misitu na bariere, alikilia pale chote. Majirani wakatoka nyumba za kando. Mzee alimtazama kwa mshangao.

"Weye ni nani kwake, mama?"

"Mimi ni mama ya Amisi," akajibu. Kisha akamvuta mwanawe mbele, akamweleza kila kitu, bila kunificha.

Nilipiga magoti mbele ya mzee. Nilimwambia mimi ndiye niliyesoma nusu. Alipapasa ukingo wa kanzu yake.

"Mimi sina radio," akasema mwishoni. "Sikukusikia. Lakini kama bado unaweza kusoma, soma yote."

Wanawake walipika ule mchele jioni ileile. Mama Fatuma alikataa kurudi Mikelenge, akalala na wafiwa. Asubuhi Papa Mutombo alitoka kwenye mkeka wake, amejifunga blanketi, akaja nami studio akiegemea ukuta njia nzima. Hakushika mikro. Alisimama tu nyuma yangu. Niliisoma komunike nzima, mbele na nyuma, nikasema na kosa langu, nikataja jina langu. Nikaisoma mara tatu, mpaka gurupu likazima lenyewe.

Nilipofika ukingoni mitumbwi ilikuwa imejaa. Wanafunzi walivuka kwa makundi, wengine na kuni kichwani, wengine na ndizi, mwalimu mmoja na jembe lake kwa sababu alitoka shambani moja kwa moja. Ua haukutosha, wakakaa mpaka sokoni. Amisi wa Mikelenge aligawa maji kama mwenye nyumba. Nyinyi leo mnamwita profesa, na mkimpelekea karatasi isiyo na jina la baba mnajua anavyoirudisha.

Mzee Ramazani alisimama. Alianza kupita katikati ya wale vijana, mmoja mmoja, na kila mmoja alimuuliza neno lilelile: "Weye ulimujua namna gani?"

Mmoja akasema alikuwa golikipa wao, na alifungwa sana. Mwingine akasema alilala darasani akiwa amekaa wima, mwalimu asijue. Mzee akatabasamu kidogo, akasema hata nyumbani alilala hivyo. Akafika kwa msichana mwembamba aliyekaa nyuma ya wote.

"Na weye?"

"Alinifundisha hesabu, papa. Mimi nilikuwa nashindwa. Alisema baba yake njo alimufundisha, kwa punje za mahindi, mbele ya mlango."

"Alisema hivyo?"

"Kila siku, papa."

Mzee alivuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Sema tena, mwanangu," akamwambia. "Sema polepole."